Tujaribu Tuone: Mwongozo kwa Mwalimu na Mwanafunzi Mbunifu

Waulize walimu kumi kinachowazuia kuwa wabunifu, na wengi watataja vifaa. Projekta hakuna, kompyuta iliyopo imefungiwa ofisini, maabara haina maji, na wanafunzi 90 wamebanana katika chumba kilichojengwa kwa ajili ya 45. Malalamiko hayo ni ya kweli, na serikali na wazazi wanapaswa kuyasikia. Hata hivyo, projekta nazo nimeziona zikitumika kuonyesha notsi ukutani huku wanafunzi wakinakili neno kwa neno, kama walivyokuwa wakinakili kutoka ubaoni. Chombo kimekuja, ila ufundishaji umebaki ule ule.

Katika mwongozo huu nitaliita jambo ubunifu pale tu lilipopita hatua tatu. Umeona kitu darasani hakiendi sawa. Umebadilisha jambo moja. Kisha umekagua kwa macho yako kama badiliko hilo limesaidia. Hatua ya tatu ndiyo inayoachwa mara nyingi, na bila hiyo mwalimu anakuwa amebadilisha mitindo tu. Kwa mwanafunzi ni hivyo hivyo: anapokutana na jambo lisilolingana na alichofundishwa, halimezi kimya kimya wala halitupi. Analijaribu.

Jifunze kwa Mpemba

Mfano mzuri kuliko yote ninayoijua ulitokea hapa hapa kwetu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Tanganyika. Wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanasubiri yapoe, ndipo wanayaweka kwenye friji. Nafasi ndani ya friji ilikuwa ya kugombania. Siku moja Mpemba alimwona mwenzake akiwahi nafasi kwa maziwa ambayo hata hakuyachemsha. Akaona akisubiri yake yapoe atakosa, akayaweka yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu, maziwa yake yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado mazito tu, hayajashika.

Alimuuliza mwalimu wa fizikia, naye akamjibu kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezi kutokea. Wengi wangeliacha hapo. Yeye hakuliacha. Baadaye alizungumza na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza aiskrimu za kuuza mjini Tanga, na huyo akamwambia kwamba huuweka mchanganyiko ukiwa wa moto ili ugande upesi. Maana yake ni kwamba sokoni jambo hilo lilikuwa likitumika kazini wakati darasani linaambiwa haliwezekani.

Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, darasa lilifikia kanuni ya Newton kuhusu vitu kupoa. Mpemba akauliza tena. Mwalimu akamwambia kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba na si fizikia ya ulimwengu. Kauli hiyo ikawa utani wa darasa zima: kila alipokosea hesabu, wenzake walisema hayo ni mahesabu ya Mpemba. Hata hivyo, siku alipokuta maabara ya baiolojia iko wazi, alichukua bika mbili, moja akaitia maji ya bomba na nyingine maji ya moto, akaziweka ndani ya friji na kurudi kuzitazama baada ya saa moja. Barafu ilikuwa nyingi zaidi kwenye ile ya maji ya moto.

Kisha Dkt. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu Dar es Salaam, alikuja Mkwawa kuzungumza na wanafunzi. Mpemba alisimama akauliza swali lake, na wenzake wakacheka. Hapa, mwalimu, naomba utazame kwa makini alichofanya mgeni yule. Kwanza aliomba swali lirudiwe ili alielewe. Pili alimuuliza kijana kama kweli amelijaribu. Tatu alikiri kwamba hajui sababu, akaahidi kulijaribu atakaporudi Dar es Salaam. Na aliporudi, alitimiza. Fundi wa maabara aliyepewa kazi hiyo alileta habari kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, akaongeza kwamba wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala kuhusu jambo hilo katika jarida la Physics Education. Wakati huo Mpemba alikuwa anasomea uhifadhi wa wanyamapori katika chuo cha Mweka, karibu na Moshi.

Dunia nzima leo inaliita tukio hilo kwa jina lake. Na mjadala haujafungwa. Mwaka 2012 Jumuiya ya Kifalme ya Kemia ya Uingereza ilitangaza shindano la kueleza sababu yake na kupokea majibu zaidi ya 22,000. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha vipimo vyao wakisema hawakupata ushahidi wa kuridhisha, na wakaonyesha kwamba hata mahali unapoweka kipimajoto ndani ya chombo panaweza kubadilisha matokeo. Kwangu mimi hilo halimpunguzii Mpemba chochote. Swali la mwanafunzi wa Magamba limewafanya watu wazima wapime upya, kwa uangalifu zaidi, kitu walichodhani wanakijua.

Swali usilolijua jibu lake

Anza hapa, kwa sababu ni bure. Mwanafunzi akikuuliza kitu usichokijua, una sentensi tatu za kutumia. "Rudia swali lako, wote wasikie." "Umeliona wapi, au umelijaribu vipi?" "Sijui bado, tutalijaribu Alhamisi." Ile siku uitaje. Ukisema "nitatafuta" bila kutaja siku, watoto wanajua umewaondoa njiani.

Tenga kona ya ubao, au karatasi ya manila ukutani, iitwe Maswali Yanayosubiri. Swali linaandikwa pamoja na jina la aliyeuliza. Likijibiwa, jibu linaandikwa chini yake pamoja na njia iliyotumika kulipata. Mwanzoni watauliza ya mchezo. Yapokee machache, uyajibu kwa uzito ule ule, na baada ya muda yale ya kweli yatakuja. Wanaocheka swali la mwenzao wakemee palepale, siku ya kwanza. Utani wa darasa la Mkwawa haukumnyamazisha Mpemba kwa sababu alikuwa Mpemba. Wengi hunyamaza.

Swali linalofichua fikra

Mwalimu anapomaliza kueleza huuliza, "Mmeelewa?" Darasa linaitikia, "Ndiyooo!" Sauti hiyo haikupi habari yoyote. Badala yake andaa swali moja ambalo kila jibu lake la makosa linakuonyesha mtoto anafikiri nini.

Chukua desimali. Andika ubaoni: ipi ni kubwa kuliko zote, A: 0.4, B: 0.45, au C: 0.405? Anayechagua C anasoma tarakimu baada ya nukta kama namba nzima. Kwake 405 ni kubwa kuliko 45. Anayechagua A ameshika kanuni ya kujitungia kwamba desimali fupi ndiyo kubwa, pengine kwa sababu aliwahi kuambiwa kwamba sehemu za elfu ni ndogo kuliko sehemu za kumi. Hao wawili wamekosa wote, lakini dawa zao ni tofauti. Na angalia hatari ya swali lililoandaliwa ovyo: ungeuliza ipi ni kubwa kati ya 0.4 na 0.35, yule mwenye kanuni ya "fupi ndiyo kubwa" angepata vema, nawe ungeondoka ukiamini ameelewa.

Namna ya kulitumia katika darasa la watu 80 ni hii. Kila mmoja afikirie kimya kwa dakika moja. Ukihesabu tatu, wote waonyeshe jibu kwa vidole vilivyobanwa kifuani, kidole kimoja kwa A, viwili kwa B, vitatu kwa C. Vidole kifuani jirani havioni, na wewe mbele unawaona wote kwa mara moja. Wakipata karibu wote, endelea na somo. Wakikosa karibu wote, fundisha upya kwa njia nyingine. Wakigawanyika, usitaje jibu. Waambie kila mmoja amgeukie jirani aliyechagua tofauti na kumshawishi kwa dakika mbili, kisha wapige kura ya vidole tena. Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Harvard, alianza kufundisha kwa namna hii mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya kuona kwamba wanafunzi wake walikokotoa vizuri lakini wakashindwa maswali mepesi ya dhana. Njia hiyo haihitaji umeme, na kwa maoni yangu inafaa shule zetu zilizojaa kuliko hata ilikoanzia, kwa sababu msongamano unakupa jirani wa kubishana naye kila upande.

Ukifika kwenye kusahihisha kosa la desimali, shika futi ya fundi cherehani. Mita 0.45 ni sentimita 45. Mita 0.4 ni sentimita 40. Mita 0.405 ni sentimita 40 na nusu. Acha mwanafunzi aliyechagua C aje apime mwenyewe.

Jambo jingine dogo lenye uzito mkubwa: subiri. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alipima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali kabla ya kumtaja mwingine au kujibu wenyewe. Ulikuwa kama sekunde moja. Walipozoea kusubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi waliokuwa kimya walianza kuchangia. Sekunde 3 mbele ya darasa zinachosha moyo. Hesabu vidole vyako nyuma ya mgongo kama itakusaidia.

Zana: ijaribu kabla ya kuiamini

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo semina nyingi huishia kwenye vizibo vya soda na maboksi. Kukusanya vizibo ni vizuri. Lakini zana haifundishi mpaka mwanafunzi ametabiri kitakachotokea na akawa na sababu ya kutaka kujua.

Chukua lile jaribio la shinikizo la maji linalojulikana na kila mwalimu wa sayansi: chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, matundu matatu upande mmoja, la juu, la kati na la chini. Vitabu vingi vinachora maji ya tundu la chini yakiruka mbali kuliko yote, kwa kuwa shinikizo huongezeka kadiri kina kinavyoongezeka. Mwalimu huchora picha hiyo, wanafunzi huichora, mtihani huiuliza.

Sasa jaribu kweli. Iweke chupa juu ya meza tambarare, ijae maji hadi usawa ulioupima, matundu yawe kwenye robo, nusu na robo tatu ya kimo cha maji. Achia yote matatu pamoja. Maji ya tundu la kati ndiyo yatakayofika mbali zaidi mezani, na ya tundu la juu na la chini yataangukia karibu mahali pamoja. Wanafunzi wakiona hivyo bila wewe kujiandaa, utajikuta unatetea picha ya kitabu dhidi ya maji yaliyo mbele ya macho yao.

Maelezo yako wazi ukiyatafuta. Maji ya tundu la chini hutoka kwa kasi kubwa kuliko yote, shinikizo halijadanganya. Lakini tundu hilo liko karibu na meza, kwa hiyo maji yake yana muda mfupi wa kusafiri kabla ya kugusa meza. Maji ya tundu la juu yana muda mrefu ila kasi ndogo. La kati limepata kasi ya kutosha na muda wa kutosha. Sasa isogeze chupa ukingoni mwa meza, maji yaangukie sakafuni. Muda wa kuanguka unaongezeka kwa matundu yote, tofauti yake inapungua umuhimu, kasi inatawala, na tundu la chini linashinda kama kitabu kilivyochora.

Ona utajiri uliopatikana kwa chupa ya kuokota. Ukilifundisha kwa kuchora, mwanafunzi anapata sentensi moja ya kukariri. Ukilifanya mezani na kisha ukingoni, anapata shinikizo, kasi, mwendo wa kitu kinachoanguka, na zaidi ya yote anaona kwamba mchoro wa kitabu una masharti ambayo hayakuandikwa. Utaratibu wake ni wa hatua tatu: tabiri, tazama, eleza. Kutabiri kuwe kwa maandishi, kwenye daftari, kabla hujaachia maji. Utabiri wa mdomo mwanafunzi huubadilisha baada ya kuona, akadai alijua tangu mwanzo.

Kwa hiyo kanuni ya zana yoyote ni kuijaribu peke yako jioni ya jana. Ikileta matokeo usiyotarajia, usiitupe na usiwe kama yule fundi wa maabara aliyetaka kurudia mpaka jibu lipendeze. Hilo ndilo somo lako la kesho.

Pale ambapo kitu chenyewe hakipatikani kabisa, kuchora nako kuna heshima yake. Mwaka 2018 mwalimu wa Ghana, Owura Kwadwo Hottish, alijulikana duniani kwa picha zilizomwonyesha akiwa amechora ubaoni dirisha zima la programu ya Microsoft Word kwa chaki za rangi, kwa kuwa shule yake haikuwa na kompyuta na wanafunzi walikuwa na mtihani wa somo hilo. Wengi walisifu uvumilivu wake. Mimi nasifu usahihi wa mchoro: kila kitufe kilikuwa mahali pake, ili mtoto atakapokaa mbele ya kompyuta halisi asianze na sifuri.

Lugha ya kufikiria

Katika shule nyingi za umma Tanzania, mtoto husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza anakuta vitabu, maelezo na mitihani karibu vyote ni kwa Kiingereza. Ukimya wa darasa la kidato cha kwanza mara nyingi ni wa mtu anayejua jambo lakini hana sentensi ya kulisemea. Mwalimu mbunifu hutenganisha kazi hizo mbili. Kwanza waachie dakika mbili wabishane wawili wawili kwa Kiswahili, wapate wazo. Kisha andika ubaoni mwanzo wa sentensi ya Kiingereza wenye nafasi za kujaza, waliweke wazo lao humo, walisome kwa sauti. Baada ya majuma machache ondoa maneno kadhaa kwenye mwanzo huo, kisha uuondoe wote.

Na ile desturi ya kumvalisha mtoto kibao shingoni kwa sababu amesema Kiswahili viwanjani, iacheni. Inamfundisha kunyamaza, na mtoto aliyezoea kunyamaza hatauliza kwa lugha yoyote.

Kwa mwanafunzi

Sasa nazungumza nawe, mwanafunzi. Hukuchagua mwalimu wala vitabu vilivyopo, lakini namna unavyotumia saa yako ya kujisomea ni yako.

Acha kusoma notsi mara tano. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Kundi moja lilikisoma tena, jingine lilikifunika na kuandika lilichokumbuka. Dakika tano baadaye waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi. Wiki moja baadaye mambo yaligeuka: waliokuwa wamejilazimisha kukumbuka ndio walioshika. Ndiyo maana ukisoma usiku wa kuamkia mtihani unajisikia unajua kila kitu, na likizo ikiisha huna kitu. Soma ukurasa, funga daftari, andika unachokumbuka kwenye karatasi chakavu, fungua, ongeza ulivyosahau kwa kalamu ya rangi nyingine. Rudia baada ya siku mbili, kisha baada ya wiki. Vile vya rangi nyingine ndivyo vya kusoma, vingine umeshavijua.

Mitihani iliyopita itumie zaidi ya kutafuta majibu. Kwenye swali la kuchagua, andika kwa kila jibu lisilo sahihi ni kosa gani la kufikiri lingemfanya mtu alichague. Ni kazi ngumu, na swali moja linaweza kukumaliza robo saa. Linafaa kuliko maswali ishirini uliyotia alama ya vema na kupita.

Katika kikundi cha kujisomea, msigawane mada kila mmoja akasoma yake. Mmoja aeleze, wengine waruhusiwe kuuliza tu: kwa nini, umejuaje, ingekuwa kinyume ingekuwaje. Anayeeleza akikwama, kikundi kizima kimegundua mahali pa kwenda kumuuliza mwalimu.

Uwe pia na daftari dogo la mambo uliyoyaona yasiyolingana na ulivyofundishwa. Kwa nini dagaa waliokaushwa juu ya kichanja hawaliwi na funza kama wale wa mchangani? Kwa nini mahindi ya bibi yaliyohifadhiwa kwa majivu hayabunguliwi upesi? Chini ya kila swali andika mistari mitatu: niliona nini, nadhani sababu ni nini, nitajaribuje ili nijue nimekosea. Mstari wa tatu ukikushinda, swali bado halijaiva, liache likae. William Kamkwamba wa Malawi aliacha shule kwa kukosa ada wakati wa njaa ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, akaanza kuazima vitabu katika maktaba ndogo ya shule ya msingi kijijini. Kwenye kitabu kimoja cha nishati aliona picha ya kinu cha upepo. Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha, hivyo alitegemea sana michoro, na kwa vipande vya baiskeli na vyuma chakavu akajenga kinu kilichowasha taa nyumbani kwao. Alichoanza nacho ni picha na swali la kwa nini hapa isiwezekane.

Ukienda kwa mwalimu, chunga namna ya kuuliza. Usiseme, "Mwalimu, ulichofundisha si kweli." Sema, "Shikamoo mwalimu. Nilijaribu hivi, nikaona hivi, na mimi nilitegemea vile ulivyotufundisha. Nimekosea wapi?" Umempa heshima yake, umempa ushahidi, na umempa nafasi ya kujaribu pamoja nawe. Wapo watakaokufukuza hata hivyo. Hifadhi ushahidi wako. Mpemba alifika kwa mtu wa tatu ndipo akasikilizwa.

Usifanye peke yako, wala usifanye yote

Rudi kwangu, mwalimu. Usibadilishe masomo yote Jumatatu. Chagua mada moja inayowashinda kila mwaka, na badiliko moja. Kama una mikondo miwili, wape wote swali lile lile kabla ya mada, fundisha mkondo A kama ulivyozoea na mkondo B kwa njia mpya, kisha wape swali jingine linalofanana. Linganisha kila mkondo na ulikoanzia. Mada inayofuata geuza, A wapate njia mpya, ili kusiwe na mkondo unaodhulumiwa na ili ujue kama tofauti ilitokana na njia au na watoto.

Tafuta mwenzako mmoja. Walimu wa Japani wana desturi ya muda mrefu: wanaandaa somo moja kwa pamoja, mmoja analifundisha, wengine wanakaa darasani wakitazama wanafunzi wanafanya nini, kisha wanakaa kulirekebisha. Wanaotazamwa ni wanafunzi, na hilo linaondoa woga wote, maana hakuna anayekuja kukukagua wewe. Kenya iliupokea mwelekeo huo kupitia mradi wa SMASSE ulioanza mwaka 1998 kwa ushirikiano na Japani, uliowazoesha walimu wa hisabati na sayansi kupanga, kutenda, kutazama na kuboresha. Katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitaka mwanafunzi awe mdadisi, ajiamini, na aweze kujifunza kwa wengine huku akikataa au kurekebisha kisichomfaa. Sharti hilo la mwisho linatuhusu sana sisi walimu tunaporudi kutoka semina.

Ubunifu mwingine hautokei darasani kabisa. Peter Tabichi, mwalimu wa sayansi wa shule ya sekondari Keriko, kaunti ya Nakuru nchini Kenya, aliyepata Tuzo ya Mwalimu Bora wa Dunia mwaka 2019, alifundisha katika shule yenye kompyuta moja. Sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kuwafundisha waliobaki nyuma mwishoni mwa wiki na kwenda nyumbani kwa wanafunzi waliokuwa hatarini kuacha shule. Mtoto asiyekuja shule hafundishwi kwa zana yoyote.

Mkuu wa shule na mwalimu wa taaluma waambie mapema unachojaribu, kwa muda gani, na utapimaje. Wengi hukataa jambo wanalolisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mzazi au mthibiti ubora. Hoja ya "muhtasari hautaisha" ijibu kwa takwimu zako: ni wangapi walielewa mada iliyoisha kwa wakati?

Takwimu hizo zina mahali pake tayari. Andalio la somo lina nafasi ya tathmini na maoni, na katika shule nyingi hujazwa sentensi moja ile ile, kwamba somo limeeleweka vizuri, wakati mwingine kabla hata kipindi hakijaanza. Ijaze baada ya kipindi, ukiwa bado umesimama darasani, kwa namna hii: "Wanafunzi 78. Kura ya kwanza: A 19, B 28, C 31. Baada ya kujadiliana na jirani: A 14, B 55, C 9. Kundi la A halikusogea sana. Bado wanadhani desimali fupi ndiyo kubwa. Kesho dakika 10 za mwanzo: wapime 0.4 na 0.45 kwa futi, kisha swali jingine."